Dkt. Redempta Ntandu na Panya Wake Wazee (1979–2026)

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa shangazi yangu, Dkt. Redempta Nathan Ntandu, ni alama ndogo za meno kwenye kidole gumba chake. Nilidhani ameng'atwa na mtoto wake. Kumbe ni panya.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 hapa Mungaa, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Nathan Ntandu na Bibi Asnath. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Singida mjini, kisha akahitimu udaktari wa mifugo Morogoro mwaka 2006. Tarehe 18 Julai 2009 alifunga ndoa na Godfrey, wakajaliwa Rahel na Eliya.

Alibaki Morogoro akiwa mtafiti. Kuanzia Januari 2024 alijaribu kwa panya wazee, awamu baada ya awamu, dawa ya antioksidanti, yaani dawa ya kulinda seli zisichakae, aone kama itapunguza usahaulifu na udhaifu wa uzeeni. Panya wengine walipakwa rangi nyekundu mkiani, wengine kijani. Kundi moja lilipewa dawa, jingine maji matupu. Mwenzake, Dkt. Frank, ndiye pekee aliyejua lipi ni lipi, ili matumaini yasimdanganye marehemu wakati wa kupima.

Krismasi ya mwaka huo alikuja nyumbani. Baba yake mdogo, Mzee Samweli, akamtania: "Panya wanatumalizia uwele ghalani, wewe unawalisha mpaka wanazeeka!"

"Baba mdogo, wa kwako hawafiki uzeeni. Ningewapata wapi?"

Bibi Asnath, aliyekuwa ameanza kusahau majina yetu, hakucheka. "Nipe na mimi hiyo dawa. Panya wananizidi nini?"

Shangazi alimshika mkono. "Mama, sijui bado kama inasaidia au inadhuru. Ikijulikana, utaambiwa wa kwanza."

Funguo za kabati la dawa alikuwa nazo yeye. Hakuwahi kumletea mama yake hata tone.

Juni 2025 aligundulika na saratani ya ini. Akiwa wodini Dodoma, Dkt. Frank alimwinamia: "Nikuambie rangi?"

Alifumbua macho. "Wewe! Vipimo vya mwisho bado. Usiniharibie kazi."

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2026 bila kujua. Chuoni nilifundishwa maana ya utafiti. Pale kitandani ndipo nilipouona.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, ndugu watatu na sisi watoto wa kaka yake.

Vipimo vitakamilika Agosti, na Dkt. Frank ameahidi kuja Mungaa kumweleza Bibi. Majina yetu yamemtoka, lakini kila asubuhi anauliza, "Frank amefika?"

Bado, Bibi.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Rangi tutakuja kukuambia.