Goti la Mjomba Lexon

Wasifu wa marehemu Lexon Mkwezalamba. Umeandikwa na unasomwa na Zione, mtoto wa dada yake, leo Ijumaa tarehe 18 Agosti 2023.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Kachele, Mtakataka, wilayani Dedza. Dada yake wa pekee, Enelesi, alikuwa mama yangu. Mama alipofariki mwaka 2001 mjomba alinichukua, kama desturi yetu ilivyo, na hakuna aliyeshangaa. Walishangaa alipoanza kunipa koleo la kukatia waya badala ya mchi.

Alisoma hapa hapa misheni, akaishia kidato cha pili mwaka 1984 baba yake alipougua. Mwaka 1989 alipata cheti cha ufundi umeme huko Lilongwe, akafanya kazi reli ya Salima miaka kumi, kisha akatengeneza redio sokoni. Mwaka 2014 skimu yetu ya umwagiliaji ya Chilambe ilipoletewa paneli arobaini za sola, zikasimikwa chini kando ya mto, yeye ndiye aliyefunga nyaya zake.

Hakuacha waya wowote ulale juu ya ardhi. Kila waya uliingia kwenye bomba la plastiki, bomba likafukiwa mtaroni, mchanga laini chini yake na utepe mwekundu juu yake. Futi hakuitumia. Aliingia mtaroni mwenyewe, akasimama wima, na kama haujafika gotini mlichimba tena, hata nsima ya chakula cha mchana ikiwa imepoa. Mlimwita Bwana Goti, na alikuwa anajua. Sababu yake ilikuwa sisi wenyewe: baada ya mavuno kila mwenye jembe huchimba panya wa shamba wa kula, na panya wanapenda kivuli cha paneli. Tena alituonya kwamba swichi huzima pampu tu; waya unaotoka kwenye paneli una umeme maadamu kuna mwanga. “Jua halina swichi, Zione,” aliniambia kila asubuhi, mpaka nikamwomba anipumzishe.

Tarehe 27 Juni 1992 alifunga ndoa na Melenia. Alichelewa, maana spika ya kanisa ilikuwa imekufa na alikuwa anaifufua, akaingia na koleo limechomoza mfukoni mwa suti. Shangazi Melenia alimuuliza pale pale mbele ya padri, “Umekuja kunioa au kunitengeneza?” Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2021 aligundulika na kisukari, na mguu wake wa kulia ukaanza kumsumbua. Novemba 2022 alilazwa wiki tatu, na ndipo skimu ikaongeza paneli ishirini. Mtaro wake niliusimamia mimi. Tulichimba shibiri moja tukakutana na udongo mgumu kama sakafu. Mvua zilikuwa zinanukia, wenzangu wamechoka, nami nimechoka. Jioni akapiga simu kutoka hospitali.

“Umefika gotini?”

“Umefika, mjomba.”

“Goti la nani?”

“Lako, mjomba.”

Alicheka, akaniambia sasa mimi ni fundi. Aliporudi mtaro ulikuwa umeshafukiwa, naye aliniamini.

Jumatano tarehe 16 Agosti, saa nne asubuhi, Sitolo Bamusi, ambaye sote tunanunua panya wake waliobanwa vijitini kando ya barabara, alikuwa anachimba karibu na paneli mpya. Jembe lake lilikata bomba na nyaya zilizokuwa ndani. Akaona mkia, akaingiza mkono, umeme ukamnasa. Mjomba alitufundisha kumtoa mtu kwa mti mkavu, lakini pale palikuwa pameshachomwa moto wa kuwatoa panya, hapana hata kijiti. Mjomba, aliyekuwa karibu, alilitupa gongo lake la kutembelea kwa kuwa ni la chuma, akamkamata Sitolo kwa koti na kumvuta. Sitolo alitoka. Mguu ule mgonjwa haukumhimili mjomba, akaangukia shimoni, mkono juu ya nyaya. Alifariki kabla gari halijafika kituo cha afya.

Tangu siku hiyo ukoo umesema Sitolo ameua na asikanyage msiba huu, na wengine wanataka afukuzwe kijijini. Nilisikia nikanyamaza, siku mbili nzima. Nilijionea huruma kuliko nilivyomhurumia yeye. Ndugu zangu, ningechimba hadi gotini, Sitolo angepata panya wake akaenda nyumbani, na mjomba angekuwa hai. Aliyekosa ni mimi. Shangazi, nimekukosea wewe kuliko wote.

Marehemu ameacha mjane, Melenia; watoto wawili, Mphatso na Limbikani; wajukuu watatu; mimi Zione; na Sitolo Bamusi, anayepumua leo kwa sababu mjomba alimvuta. Amesimama kule barabarani tangu asubuhi. Mpisheni aje atie udongo.

Paneli nimezifunika maturubai, mtu asizikaribie. Jumatatu nitaufukua mtaro ule wote na kuuchimba upya. Jana Limbikani alipokuwa anakuosha, mjomba, nilimpa uzi akakupima kutoka kisiginoni hadi gotini. Ninao hapa mkononi.

Lala kwa amani, mjomba. Mara hii nitapima.