Mungu Alinitoa mu Utumwa wa Viatu vya Jina Kubwa

Sifa kwa Yesu, bandugu zangu! Yeye anatenda, na mimi ninayesimama mbele yenu ni kazi ya mikono yake!

Naitwa Paluku, menuisier, fundi wa mbao hapa Butembo. Wengi wenu munanijua juu ninaongoza bajeunes, vijana ba kanisa banaokimbia mbio. Munanijua tena kwa sababu ya viatu. Niseme ukweli: nilikuwa mutumwa. Kiatu kisipokuwa na alama ya jina kubwa, ile bastaa banavaa mu televizyo, kwangu hakikuwa kiatu. Ndugu akikuya ku mazoezi na viatu vya fundi wa hapa, nilimucheka, na bengine balicheka juu mimi nilicheka. Siku ya Mungu nilichelewa ibada nikisugua soli na muswaki. Muswaki wa meno, ndugu zangu!

Sikieni mahali dhambi ilinifikisha. Tulienda Kirumba na mama yangu kuzika mujomba. Mvua ilikuwa imenyesha. Kutoka makaburini, mama alibeba kitunga cha maharagi tulichopewa na familia, na mimi nikatembea pembeni, juu ya majani, nikilinda viatu vyangu vyeupe. Mama akateleza. Akaanguka mu matope, maharagi yakamwagika. Na mimi... ndugu zangu, munivumilie... mimi nikasimama. Nikaangalia matope, nikaangalia viatu. Mwanamuke mugeni, na mutoto mugongoni, ndiye aliingia mu matope akamuinua mama yangu.

Mama hakunigombeza. Alisema tu: "Acha, mutoto wangu, utachafuka."

Lile neno lilinichoma. Lakini bado nilikaidi! Mbio za bajeunes ba makanisa zilikuwa zinakaribia kule Beni, na tulikosa viatu. Rafiki mumoja akaniambia kuna mama pale Beni, Mama Kyakimwa, mukimbizi kutoka Mbau, anayeshona viatu vya kukimbilia, imara kabisa. Nikawaza: atushonee, kisha abandike alama ya jina kubwa pembeni. Nani atajua?

Nilimukuta mu atelier yake, karakana ya kushonea, na bamama batano. Madirisha makubwa, mulango wazi, redio inaimba. Nikamueleza haja yangu. Alicheka kwanza, akidhani ninatania.

"Papa, kushona nitashona. Bongo, kudanganya batu, hapana."

"Mama, si bongo kubwa. Ni alama tu."

Akaangalia miguu yangu. "Vua kimoja, nikione."

Nikavua kwa majivuno. Akakigeuza, akakunja soli, akanusa gundi. Kisha akaita benzake: "Mukuye muone. Hii ni ya kwetu."

Akanieleza. Kumbe kabla ya kuwa na atelier, Mama Kyakimwa alikuwa ametumika kazi ya viatu mu muji mwingine, mu nyumba ambamo batu baligandisha soli na kuweka alama za uongo. Jina kubwa nililojivunia halikuwa hata la kweli! Madirisha ya ile nyumba yalipigiliwa mbao ili kazi isionekane. Harufu ya gundi iliwajaa mu kifua. Mudogo wake Kavugho alikuwa na mimba. Aliomba kutoka inje apumue kidogo, bakamukatalia. Akaanguka ku mashini. Kavugho alipona. Mutoto hakupona.

"Huu mushono wa kisigino ni mimi niliuanzisha," akaniambia. "Labda kiatu hiki nilishona mimi. Labda ni Kavugho."

Na Kavugho alikuwa pale pale, ku dirisha, anakata ngozi. Alinisalimia kwa kichwa.

Nilisimama na mguu mumoja bila kiatu, nikalia kama mutoto. Nikabaambia habari yote ya Kirumba, kwa bamama ambao hata sikubajua. Nikauliza: "Mama, sasa nifanye nini?"

"Anza kwa mama yako," akasema. "Viatu vitangoja."

Nikarudi Butembo, nikapiga magoti mu jikoni. Mama alikuwa anageuza bugali. Hakuacha kugeuza. "Nilikuwa ninakungojea," akasema, kisha akanituma maji. Nilijua nimesamehewa!

Ndugu zangu, yule Mama Kyakimwa ni mutu wa ajabu. Alikimbia Mbau bila hata sufuria. Matajiri bamemubembeleza mara nyingi aweke alama za uongo, amekataa. Kwake mwenye mimba hagusi gundi. Saa sita mashini zinanyamaza, bote banakula pamoja. Kila siku ya posho kila mama anapata haki yake mu mukono, bila kuomba. Nilimuona akifumua kiatu kizima juu ya mushono mumoja tu ulioteleza. "Mutu atakimbia na hii," alisema.

Nikamuomba atushonee viatu bila alama. Kikosi changu hakikufurahi, hapana. "Tutachekwa!" Babili bakahamia kikosi kingine. Banane bakabaki, na viatu vya kahawia bila alama yoyote.

Na tulichekwa kweli, pale ku mustari wa kuanzia. Kisha mvua ikashuka, barabara ikawa utelezi, viatu vya watu vikaanza kufunguka midomo. Vyetu vikashika udongo! Mimi nilifika wa saba, na sijawahi kufurahia nafasi kama ile. Dada yetu Katungu alifika wa pili kati ya basichana. Hakungoja medali. Alikimbia moja kwa moja mpaka pale bamama ba atelier balikuwa banasimama, akamukumbatia Kavugho, bote babili mu mvua, na Kavugho alicheka kwa sauti. Mama Kyakimwa aliniambia tangu ule musiba hakuwa amemusikia akicheka hivyo.

Sisemi kila mwenye kiatu kizuri ana dhambi. Nasema: uliza. Aliyekitengeneza, aliruhusiwa kupumua? Na kama kuna kitu kinachokutawala, mupe Yesu leo. Mutegemee! Hakunicheka mimi, hatakucheka wewe.

Namushukuru Mungu, na namushukuru mugeni wetu, aliyepita ile njia ya Beni ambayo hatari yake tunaijua sisi bote, akafika salama. Iko mama pale ku benchi ya nyuma anayejificha juu ya haya. Mama Kyakimwa, simama. Kanisa, musimame naye!