Kopo la Misumari

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja umeongezwa kipande cha soli. Soli hiyo aliipigilia Gundi, fundi viatu, ambaye hushona papo hapo huku masikio yakiwa kwenye porojo. Asubuhi hiyo porojo zilimhusu yeye. Binti yake wa miaka saba alikuwa na minyoo tena. Dawa ameshakunywa mara mbili, akapona, kisha minyoo ikarudi. Tumbo limemvimba, chakula anakisukuma pembeni, na Gundi, japo alicheka na wenzake, moyo ulimuuma kwelikweli.

— Ni sukari hiyo, alisema Wembe, yule kinyozi, kikombe cha kahawa mkononi. Mtoto akimung'unya peremende, minyoo inaitana: njooni jamani, huku kumenoga!

— Sukari wapi! alidakia Breki, dereva mstaafu. Mtoto analala chali. Minyoo inapata barabara iliyonyooka. Mlaze ubavu, itakwama kwenye kona.

— Wewe unalalaje? Wembe akamuuliza.

— Nimekaa. Miaka thelathini kwenye usukani. Umewahi kusikia nina mnyoo?

— Mnyoo gani utaishi humo na kahawa yote hiyo? Si utakufa maji!

Gundi alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

— Mama watoto alitaka tupimwe nyumba nzima, akasema.

— Kupimwa nini? Breki alisonya. Weka sikio tumboni. Ukisikia mlio kama cherehani, huyo jike.

— Na dume?

— Dume linanyamaza. Linasubiri kupakuliwa.

Wakiwa kwenye kicheko hicho, akaja dada mmoja akichechemea, koti jeupe mkononi, kamba ya kiatu imeng'oka.

— Habari zenu. Fundi, nigongee hapa, nachelewa kazini.

— Karibu dada, keti. Dakika mbili tu.

Gundi alifungua kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu, akachota misumari midogo. Yule dada akakikodolea macho.

— Samahani, fundi. Hicho kikopo umekitoa wapi?

— Hiki? Hiki... cha misumari.

— Cha misumari kina namba ya maabara? Huo mwandiko wangu. Nilimpa mama mmoja vikopo vinne, vikarudi vitatu.

Wembe alikohoa. Breki akachungulia kikombe chake kana kwamba mmeanguka kitu. Gundi alitamani kujificha ndani ya kiatu. Kutembea mtaani na kinyesi chake mfukoni, mtu mzima mwenye ndevu? Ndiyo maana wiki tatu nzima alimdanganya mkewe kwamba amekipeleka kikopo.

— Lakini dada, mimi siumwi popote. Anayeumwa ni mtoto.

— Wengi wenye minyoo hawaumwi. Ndiyo maana tunatafuta mayai yake kwenye kinyesi, kwa darubini. Choo chenu ni cha shimo?

— Cha shimo. Mvua ikinyesha kinafurika kidogo, upande wa mboga.

— Basi mayai yanaingia udongoni, yanakomaa, mtoto anachezea hapohapo, anakula bila kunawa. Dawa inaua minyoo ya tumboni. Mayai ya udongoni haiyagusi. Sasa niambieni ninyi mnaojua, maana nimewasikia tangu kule: katika nyumba hiyo, nani hajapimwa?

Ile habari ya kulala ubavu, Breki hakuitaja tena.

Gundi alimalizia kamba polepole. Alimkumbuka binti yake akirudi kutoka zahanati mara ya pili, anaringa, anamwambia: "Baba, wala hakuna kazi. Unatoa tu, unafunika." Mtoto wa miaka saba! Na yeye alimwitikia kwa kumsifu, huku kopo lake limejaa misumari. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kisha, ajabu, ikamtoka, akajihisi mwepesi.

Akamwaga misumari yote kwenye kofia yake.

— Kiatu hiki silipishwi... silipizi, akababaika, wakacheka wote, hata dada. Nenda nacho bure. Na kopo hili nililioshe?

— Hilo limeshakuwa la misumari. Nitakupa jipya.

— Twende basi nikalichukue. Na choo nitakijengea ukingo Jumamosi hii.

Alisimama, akajipangusa magoti.

— Dada, akaita kabla hawajavuka barabara. Toa vikopo vitatu. Hawa wawili nao wana matumbo.

Breki na Wembe wakainamia vikombe vyao. Kahawa ilikuwa imekwisha zamani.