Mama Aikande na Dari la Majalada

Mimi Melkior, mlinzi wa lango, nina miaka sabini na moja. Nimewazika mameneja wanne, na lori nililoendesha sasa ni banda la kuku. Kwa hiyo nikiandika juu ya Mama Aikande, anayestaafu tarehe 30 Juni 1984 baada ya miaka ishirini na mbili katika masijala yetu ya wakulima wa kahawa hapa Moshi, najua ninachosema.

Alitoka Masama akiwa binti, akapanga majalada mpaka mvi zikamtoka. Ni mchapakazi, hilo sikatai. Lakini redio anayopewa leo nimeitazama, ni kubwa. Mimi nilipostaafu udereva nilipewa blanketi.

Jina alilipata mwaka 1976, serikali ilipoagiza kumbukumbu za wakulima wetu zisikae tena Nairobi, zihifadhiwe ndani ya nchi. Nani alizileta? Mimi. Masika ilinipiga kutoka Taveta mpaka Himo, na turubai lilikuwa na matundu ambayo sikuyatoboa mimi.

Majalada yalifika yamelowa chapachapa. Bwana mkaguzi wa serikali akasema akirudi mwezi ujao akakuta ukungu, yote yanahamia Dar es Salaam. Hapo mkulima wa Kibosho mwenye shauri la shamba angepanda basi siku nzima kufuata karatasi yake.

Nikayaanika kwenye vichanja vya kahawa, kama mtu mwenye akili. Mvua ikashuka ghafla. Mvua si kosa la mtu. Mama Aikande akaja kuokota karatasi, akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Melkior, na mahindi yako nyumbani unayaanika matopeni?" Nikamjibu yanakaa darini, juu ya jiko, moshi uyakaushe. Akacheka. "Kumbe unajua."

Ieleweke basi: neno dari lilitoka kinywani mwangu.

Akajengesha dari katika jiko la chai nyuma ya ofisi, akawa anakoka moto mdogo, anageuza majalada kama ndizi za kuchoma, hataki mtu mwingine aguse kuni. Mkaguzi aliporudi alipiga chafya, akanusa jalada, akauliza kama siku hizi tunauza nyama. Ukungu hakuuona. Majalada yakabaki Moshi, na hadi leo mkulima akifungua lake linanukia kama jikoni kwake.

Sasa tuna stoo ya matofali, lakini watu bado wanaiita dari la Aikande. Miaka yote hii nasimama langoni nikiwaelekeza wageni kwenye dari la Aikande.

Mama, asante kwa kazi. Nenda Masama, migomba ikuzalie, na betri za redio hiyo zisiadimike. Anayedhani nimetia chumvi amuulize mke wangu Flavia, aliyebeba miti ya dari kutoka shambani kwetu Kibosho. Atakwambia wazo lilikuwa la Aikande. Lakini miti ilikuwa yangu, hilo hawezi kulikana.