Rota Moja na Kilomita Thelathini na Nane

Jumanne tarehe 30 Juni 2026, saa kumi jioni, Ushirika wa Viazi wa Mwiteria utampoteza Fundi Njue Nthiga, anayestaafu baada ya kutuhudumia miaka 34 na miezi mitano. Mimi nilipoteza cheo changu mapema. Alhamisi tarehe 26 Februari mwaka huu, saa tano na dakika kumi asubuhi, nilinyang'anywa usimamizi wa magari, kazi niliyoifanya miaka 11 bila doa. Mambo hayo mawili yanahusiana. Cicily wa ofisini aliponiomba niandike wasifu huu kwa jarida letu, nilimwambia nitaandika yote ama niache kabisa. Akacheka. "Andika tu, Mama Stoo, mradi shukrani ziwemo." Zimo.

Fundi Njue ni mzaliwa wa Siakago, kule chini Embu ambako jua halina huruma. Alipofika kwetu Kibirichia tarehe 1 Februari 1992, akiwa na sanduku moja la spana, alivaa makoti mawili hadi Agosti na kila mtu akajua hatamaliza mwaka. Akamaliza 34. Amehudumia malori matatu, trekta mbili, jenereta, na lile gari letu la fahari, Peugeot 504 ya mwaka 1974. Katika muda huo wote malori yetu yamekwama njiani kwa sababu ya injini mara sita tu. Nimehesabu kwenye rejista. Mbili kati ya hizo ni mafuta yaliisha, na hiyo ni shauri ya dereva, si ya fundi. Amefundisha mafundi tisa, na wanne wana gereji zao leo, kuanzia Mitunguu hadi Embu mjini.

Mimi ni wa kumi, ingawa sijawahi kushika spana mbele ya watu. Mwaka 2009 nilikuwa nauza spea kuukuu juu ya gunia, kando ya barabara pale Kiirua. Akaja kutafuta plagi. Nikamwambia kwa ujasiri mwingi pengo la plagi ni milimita moja na nusu. Akaniangalia, akasema, "Kajuju, wewe unajua kuhesabu kuliko hawa wote wa hapa, lakini unahesabu kitu usichokijua." Akakaa kwenye jiwe nusu saa akinifundisha. Wiki mbili baadaye akanipigia debe kwa kamati, nikaajiriwa stoo. Sijasahau, na ndiyo maana haya mengine yananiuma.

Sasa 504. Gari hilo lilinunuliwa na mwenyekiti wetu wa kwanza, marehemu Salesio Kiunga, aliyelifikisha kila Alhamisi asubuhi kwenye banda la mizani, ng'ambo ya Kiirua, viazi vilipokuwa vinapimwa huko. Alifariki 2003. Banda lilikuwa limefungwa miaka miwili kabla. Tangu hapo gari ni la harusi, maonyesho ya kilimo na wageni wa heshima.

Kufikia 2015 lilikuwa linakohoa kila mlima. Pointi za zamani, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa ili plagi zipate moto, zilikuwa zinaungua kila kilomita 4,000. Tukaamua kuweka distributa ya elektroniki, isiyo na vyuma vya kugusana. Nilileta tatu kwenye meza ya Fundi. Ya kwanza aliisukuma kwa kidole kimoja: haikuwa na kibuyu cha vakyumu, kile kinachowahisha moto gari linapotembea bila mzigo, na bila hicho ungelipa kwa petroli kila siku. Ya pili ilikuwa na moduli yake, ule ubongo wa kielektroniki, ndani ya kifuniko, palipo na joto kama jikoni. Ya tatu ilikuwa na kibuyu, na moduli inafungwa mbali na injini, kwenye bodi. Lakini ilitaka koili, ile inayokuza umeme wa plagi, yenye ukinzani wa omu tatu, na yetu ilikuwa omu moja na nusu. Mimi ndiye niliyepima, mimi ndiye niliyesema tubadilishe koili pia, la sivyo moduli itaungua ndani ya wiki. Akaniangalia tena kama siku ile ya Kiirua. "Sasa unahesabu kitu unachokijua," akasema. Distributa hiyo imetembea kilomita 61,000 na bado ni ile ile.

Imedumu kwa sababu ya sheria za Fundi, na namwomba fundi mpya, Bi. Mukiri, azisome mara mbili. Ufunguo usiachwe umewashwa injini ikiwa imezima, hata dakika moja, maana moduli inapata joto bure. Injini isioshwe kwa maji ya presha. Hata ikioshwa kwa ndoo, kifuniko kivalishwe kipande cha tyubu kwanza. Waya wa bodi ukwaruzwe kutu kila miezi sita. Mtu akitaka kuchomelea chochote kwenye gari, atoe betri kwanza. Na chini ya moduli ipakwe ile krimu nyeupe ya kupitisha joto, kiasi cha ukucha, si cha mkate.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyompa umaarufu. Kila akimaliza kazi na 504 alifungua vibanio viwili vya kifuniko, akatoa rota, kile kidude kinachozunguka ndani na kugawa moto kwa plagi nne, akakitia mfuko wa shati. Bila rota gari ni sanduku la chuma. Funguo zangu zingeibwa zote na gari lingebaki pale pale. Mkewe, Mama Wawira, aliniambia kanisani, "Hiyo kitu nimeifua mara tisa. Siku moja nitaipika na githeri." Na wengi mnakumbuka harusi ya Sheila, 2019, rota iliposahauliwa ndani ya koti lililoachwa gereji. Maharusi walingoja dakika hamsini juani. Bibi harusi alitoa kichwa dirishani. "Fundi, mume nimeshapata. Sasa nitafutie moto tuondoke!"

Tulicheka sana mwaka ule.

Alhamisi tarehe 8 Januari mwaka huu, saa mbili na nusu asubuhi, nilisoma mita ya 504 kama kawaida. Saa nne nikaisoma tena, kwa sababu mgeni alitarajiwa. Ilikuwa imeongezeka kilomita 38. Gari lilikuwa mahali pake. Rota ilikuwa mfukoni mwa Fundi, na Fundi alikuwa chini ya lori, miguu yake naiona. Nikadhani nimekosea kusoma. Sijawahi kukosea kusoma, lakini nikadhani hivyo.

Tarehe 15, thelathini na nane. Tarehe 22, thelathini na nane. Tarehe 29, hivyo hivyo. Si 37, si 39. Kati ya hapo, Ijumaa hadi Jumatano, hata mita mia hazikuongezeka. Nilipima petroli kwa kijiti kabla na baada, haikushuka. Mtu mjanja anaweza kujaza lita nne, hilo nalikubali. Muthomi wa getini aliapa gari halijapita kwake, na Muthomi ni mtu anayekuandika hata ukienda kununua mandazi.

Tarehe 12 Februari ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Tulikuwa kwenye mkutano wa wafanyakazi, sote, pamoja na Fundi, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne na dakika kumi. Tulipotoka, malori na pikipiki zote zilikuwa zinachuruzika maji. Boneti ya 504 ilikuwa kavu. Niliweka kiganja, nikakitoa haraka. Watu kumi na mmoja walisimama pale. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa rota, akaionyesha kwa kila mtu. Ilikuwa baridi, niliishika mimi. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyeuliza kile tulichokuwa tunakiogopa: "Sasa hii imechemshwa na nini?"

Nilimfuata Fundi gereji nikamtaka aniambie anachojua. Alikuwa anapangusa mikono ambayo haikuwa na grisi. "Kajuju, si kila kitu ni cha kupimwa," akasema. Kisha, kama mtu anayeongea na kazi yake: "Mzee hakupenda kuchelewa mizani."

Mimi hujibu maneno kama hayo kwa kazi. Niliuliza rota ya aina ile kwenye maduka 14 ya Meru, Nanyuki na Embu. Hakuna hata moja iliyokuwa nayo. Ya pointi za zamani haiingii; ni fupi kwa milimita tatu. Sanduku letu la 2015 lilikuja na rota moja, na karatasi yake ninayo. Jumatano tarehe 25 Februari, saa kumi na moja jioni, nikapaka rangi ya kucha, nyekundu, juu ya vibanio vyote viwili vya kifuniko, ili yeyote atakayefungua aipasue. Kesho yake saa nne asubuhi rangi ilikuwa nzima. Mita: thelathini na nane.

Alhamisi nane, kilomita 304. Nikachukua rejista nikaingia nayo kwa kamati mwenyewe, kwa miguu yangu, kwa sababu nilidhani ukweli ukiwa na tarakimu unajitetea. Waliona kitu kingine. Funguo ziko kwenye droo ya nani? Yangu. Mwandiko wa rejista? Wangu. Basi Lydiah Kajuju anakodisha gari la Ushirika kwa watu wa harusi, sasa anatuletea mashetani. Mwenyekiti wa sasa akamwita Fundi. "Gari hili linaweza kutembea bila rota?" Fundi akasema, "Haiwezekani." "Kuna rota ya pili?" Hapo Fundi Njue, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu la gari, akaangalia dirisha. Nilihesabu sekunde: kumi na saba. Hakujibu. Kamati ikachukua kimya hicho kuwa ni huruma kwangu, ikaandika barua.

Jumamosi iliyofuata niliendesha pikapu yangu mwenyewe, mita ikiwa sifuri, kutoka gereji hadi banda la zamani la mizani. Kilomita kumi na tisa kamili, kwenda tu. Kufuli ya mlango imeliwa na kutu, na hakuna mkono ulioigusa. Mikaratusi ilikuwa inadondosha ukungu juu ya mabati. Mbele ya mlango nyasi zilikuwa zimelala mistari miwili, upana wa 504, nilipima kwa futi yangu, hadi pale mizani iliposimama zamani. Hapo mistari inaishia. Nilitafuta mahali gari lilipogeuzia, nikazunguka banda mara tatu. Hakuna lilipogeuzia, wala liliporudi nyuma. Nilikuwa peke yangu, saa sita mchana, na nilirudi kwenye pikapu bila kukimbia, ila kwa taabu.

Msimamizi mpya hajazi safu ya kilomita. Kwa hiyo tangu Machi hakuna anayejua, na kamati inaita hiyo amani. Muthomi ameniambia tu kwamba Alhamisi haweki tena kiti chake upande wa gereji.

Sasa shukrani, na sizisemi kwa sababu Cicily alitaka. Fundi Njue, asante kwa malori yaliyofika, kwa wakulima 1,260 ambao viazi vyao havikuozea njiani, kwa mafundi tisa, na kwa nusu saa ile kwenye jiwe la Kiirua ambayo imenilisha miaka 17. Siakago ikupokee kwa mikono miwili. Mbuzi wako wazaane, magoti yako yasahau baridi yetu, na Mama Wawira asifue tena chuma. Sisi wote wa Mwiteria tunakuombea siku ndefu zenye utulivu.

Lakini Jumanne utapanda jukwaani umkabidhi Bi. Mukiri rota mbele ya watu, na watu watapiga makofi, kisha utashuka kwenda kwenu na jibu langu. Hilo sitalikubali. Ukisema rota ya pili ipo, nitakuwa nimechafuliwa na mtu ninayemheshimu kuliko wote hapa, na nitalimeza. Ukisema haipo, jina langu limesafika, na kamati itabidi iniambie ni nani aliyetoka na gari lake Alhamisi nane. Naweza kuishi na lolote kati ya hayo. Kimya chako siwezi kuishi nacho.

Rota ya pili ipo, au haipo? Njoo stoo useme kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtu. Nakungoja hadi saa kumi jioni, Jumatatu tarehe 29 Juni.

Lydiah Kajuju, Stoo