Kreti za Jirani

Jirani yangu aliniuliza siku moja, "Mama, ukimsaidia mtu kwa siri, Mungu anahesabu huo ni wema au uongo?" Nililikumbuka swali lake juzi ndani ya treni ya Nanyuki.

Mbele yangu alikaa Wachuka, mama kutoka Tetu, na Muchiri, mwanamume ambaye mama huyo hakumjua. Wote wawili wanalima mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo.

"Nchi tunayoiuzia imetuwekea kikomo cha kilo za mwaka," Muchiri alieleza. "Siku hizi cheti cha kila mzigo kinatumwa kwa kompyuta. Kilo zikizidi za kwenye cheti, mzigo wote unarudi, na nafasi yetu wanapewa wengine."

"Wote, ati? Hata wa wenzangu?"

"Kompyuta haijui wenzako, mama."

Wachuka alijifunika mdomo kwa leso. "Ngai, Mungu wangu! Jirani yangu ni mgonjwa. Cheti kilikuwa kimeshatoka, nikamchumia mishiri yake nikaongeza kwa kreti zangu. Kwetu ndivyo tunasaidiana."

Muchiri akacheka. "Sasa umesaidia hadi serikali ya wazungu!"

Mimi sikucheka. Nilianza kumwombea yule mama kimoyomoyo.

"Nikisema, kundi letu la wakulima litanifukuza," alinong'ona. "Nikinyamaza, je?"

"Kreti zako zilienda na lori gani?" Muchiri aliuliza.

"La jana, la kutoka Kiganjo."

Kicheko kilimwisha Muchiri. "Mishiri yangu iko kwa lori hilo hilo."

Treni ikasimama Karatina. Wachuka alimshika Muchiri mkono wa koti. "Baba, utawaambia watu wa kundi?"

Muchiri aliuondoa mkono wa mama yule polepole, akachukua begi lake, akashuka, nami nikabaki na lile swali la jirani yangu.