Dari Iliyoangushwa na Zimamoto

Fundi cherehani alikuwa ameificha chupa ya dawa ya kuongeza kinga mkobani, chini ya pajama aliyomshonea kaka yake mgonjwa. Siri ikamwelemea; basi la hospitali halijafika mbali, akamgeukia jirani yake wa kiti, mzee mwenye sare ya zimamoto.

"Kaka yangu ana homa ya manjano. Daktari anasema ini haliumizwi na virusi peke yao, hata kinga ya mwili ikipigana kupita kiasi inalijeruhi. Baba, umeshaona mlinzi anayebomoa nyumba ya bosi wake?"

"Mimi hapa," alijibu mzee. "Juzi, kwenye nyumba moja, moto uliwaka jikoni tu. Dari ya sebuleni tuliiangusha sisi, kwa maji."

Abiria wa nyuma wakaacha kujifanya wamelala.

"Si mngekaa kando!" fundi alisema.

"Tungekaa kando, mwanangu, usingekuta hata ukuta."

Fundi akaukumbatia mkoba. Tangu asubuhi alijiona mkombozi. "Kwa hiyo nimpe dawa, nisimpe?"

"Mimi sifungui bomba la pili bila amri ya mkuu. Muulize daktari."

"Akikataa je?"

"Ndiyo maana umeificha?"

Hapo fundi alicheka, ingawa hakupenda. Basi likasimama langoni.

"Na ile dari?" aliuliza akishuka.

"Wanaijenga upya. Leo nimepita, nimesikia nyundo."

Fundi alifungua mkoba, akaitoa chupa, akaingia wodini ameishika mkononi, mahali ambapo hata daktari angeiona.